Mwalimu wa Afyuni

Hakuwahi kunywa pombe maishani mwake, na ndiye aliyekipatia kijiji chetu kilabu cha pombe. Ukitaka kumfahamu Mwalimu anzia hapo, na ukishindwa usijilaumu. Mimi nilichangia naye uwanja wa nyumba kwa miaka mitatu, na mpaka leo kuna siku namwelewa na kuna siku naona nilikuwa jirani wa mtu nisiyemjua.

Tulimwita Mwalimu, basi. Kijijini walikuwapo walimu wengine, lakini hao walitajwa kwa majina yao. Ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamsema yule mzee mrefu, mstaafu, aliyefundisha Historia katika sekondari za Kibondo na Kasulu mpaka nusu ya watu wazima wa kata wakawa wamepita mikononi mwake. Alitembea na kipande cha chaki kwenye mfuko wa shati. Nilimwuliza siku moja chaki ya nini na darasa hana. Akanijibu, "Nesi, punda aliyezoea mzigo ukimtua ghafla anakwenda upande." Alikuwa na majibu ya namna hiyo, na aliyatoa uso mkavu, wewe ndiye uamue kama ucheke.

Mimi ndiye Nesi. Serikali ilinitoa Singida mwaka 2012 ikanileta kwenye zahanati ya kijiji hicho, kando ya barabara ya Kibondo kwenda Kasulu. Nilishuka kwenye basi nimekuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Mwalimu ndiye aliyenipokea, maana nyumba ya mtumishi ilikuwa imebomoka na yeye alikuwa na vyumba viwili vya uani. Akanitazama, akalitazama begi langu, akasema, "Karibu, mama. Vumbi la kwetu halitoki kwa maji, linatoka kwa uhamisho."

Alikuwa na tabia zake. Suruali aliinyoosha kwa kuilalia chini ya godoro. Chai alikunywa bila sukari, na akakuona mdanganyifu ukijidai nawe huipendi sukari. Kanisani alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na mahubiri yakirefuka aliitazama mvua hata siku isiyo na mvua. Alibishana na redio. Mtangazaji akisema "wananchi wamefurahishwa," Mwalimu alimwuliza, "Umewauliza lini?" Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu, ila akikasirika Kiha kiliingia mpaka ukabaki kusikia sauti tu, inapanda na kushuka kama vilima vya huko. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Alibaki na watoto wawili, binti mkubwa aliyefundisha shule ya msingi, na Yoramu, kitindamimba, fundi wa kujenga.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mtu huyu asiyekunywa alikuwa na mtungi wa pombe nyumbani kwake. Kijijini pale ukiwaita watu wakulimie, jioni unawawekea mtungi wa pombe ya ndizi. Ukiposa, mtungi. Ukizika, mtungi. Watu wanauzunguka, mirija imezama ndani yake, na mwenye nyumba ndiye anayeufungua kwa kuonja wa kwanza. Mwalimu aligusisha mrija mdomoni bila kuvuta, akaupitisha kwa jirani, na watu walimwachia hilo kwa sababu ya mvi zake. Na mwenye nyumba ndiye anayefunga. Akiona sauti zimeanza kupanda, anakwenda nyuma ya nyumba, anakata jani la mgomba, analilaza juu ya mtungi. Hapo neno limekwisha. Hata kama pombe imebaki nusu, hakuna anayenyoosha mkono, awe diwani au shemeji. Niliwaona kwa macho yangu wanaume waliolewa hata viatu vyao hawavijui, wakiliona jani wanainuka, wanaaga vizuri, wanachukua majembe, wanakwenda kulala.

Wanafunzi wake wa zamani walimpa jina la siri, Mwalimu wa Afyuni. Lilitokana na somo moja alilolipenda kuliko yote. Katika makoloni fulani ya Asia ya mbali, alisema, serikali haikupiga marufuku afyuni, ule utomvu mweusi ambao watu waliuvuta kwa kiko mpaka wakasahau kula. Iliichukua ikawa biashara yake peke yake. Duka la serikali, mzani wa serikali, mhuri wa serikali. Gavana akisimama kuhutubia anasema lengo letu ni kuwaachisha watu uvutaji, taratibu, kwa ubinadamu. Akishuka jukwaani anakwenda ofisini, na huko makarani wameketi wanakisia watu watavuta kiasi gani mwakani, ili ijulikane barabara ipi ijengwe.

Ningekuwa mwanafunzi ningesinzia hapo, lakini Mwalimu hakuhubiri. Aligawa vyeo. Wewe Gavana, wewe Mhazini, wewe Daktari Mkuu, wewe Mkuu wa Barabara. Mmoja alimweka pembeni ya darasa na kalamu mdomoni badala ya kiko. Huyo ni Mvutaji, na kazi yake ni kukaa kimya. Halafu anachora ubaoni mapato huku, matumizi kule, anawaambia, "Haya, pangeni bajeti bila afyuni." Darasa linaanza kwa ari. Wanaifuta afyuni. Mkuu wa Barabara anapiga kelele. Wanapunguza mshahara wa Gavana, Gavana anasusa. Mwisho wanafika kwa Daktari Mkuu na kugundua kwamba hospitali yake, ile ile inayowatibu wavutaji, inalipiwa na afyuni. Kabla kengele haijalia kuna mtu amekwenda ubaoni kimyakimya kuirudisha.

"Wanairudisha kwa herufi ndogo," Mwalimu aliniambia tukipukuchua mahindi uani. "Kila mwaka, kila darasa. Sijapata darasa lililoiacha nje."

"Na Mvutaji anasemaje?"

"Hakuna aliyewahi kumwuliza."

Somo alilifunga kwa maneno ambayo wanafunzi wake waliyajua kwa moyo, na hata leo wapo wanaoyatumia wakigombana na wake zao: mtu anayetaka jambo liishe hakai akakisia mapato yake ya mwakani.

Sasa habari ya binti yake, ingawa sipendi kuisimulia. Wakati ule zahanati haikuwa na chumba cha kuzalia. Akina mama walijifungulia chumba cha sindano, nyuma ya kanga niliyoitundika mwenyewe, na foleni ya watoto wenye homa ikisikia kila kitu. Masika ya kwanza tangu nifike, binti wa Mwalimu alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nilihitaji chumba, taa, kitanda cha maana na mtu wa pili. Nilikuwa na kanga. Tukampakia kwenye gari la mfanyabiashara wa mahindi tumpeleke Kasulu, na gari likakwama matopeni kabla hatujafika popote. Mwalimu alishuka, akatangulia mbele na jembe, akawa anachimba njia ndani ya tope, mvua inampiga, ile suruali iliyonyooshwa chini ya godoro imeloa mpaka kiunoni. Nilimwambia aache. Akaendelea kuchimba. Nikamwambia tena, kwa Kiha changu kibovu, ndipo akaelewa kwamba haraka haikuwapo tena.

Nimewapokea watoto wengi tangu siku hiyo, na wako niliowapoteza. Lakini mlio wa lile jembe kwenye tope sijausahau.

Matanga yalipoisha kijiji kiliitisha mkutano mkuu. Sote tulitaka wodi ya wazazi. Halmashauri ya wilaya ilisema kama inavyosema siku zote, wananchi wainue boma kwanza, ndipo isaidie. Boma kwa kitu gani? Kijiji hakikuwa na chanzo cha mapato. Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha na mipango. Akasimama, akasema pombe yote ya kuuza iuzwe mahali pamoja, kwenye banda la kijiji kando ya soko, na kila debe lilipiwe ushuru. Kuuza majumbani kukome. Kelele zitapungua, watoto hawatawaona walevi uani kwao, na ushuru utajenga wodi. "Ni kwa muda," alisema. "Wodi ikisimama, banda tunalifunga."

Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma, maana mwenye kanga alikuwa mimi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamtania, "Mwalimu, leo Gavana alikuwa nani?" Tulifika mpaka mlangoni ndipo akasema, "Wale wa darasani hawakuijua hesabu, Nesi. Mimi naijua." Nilikubaliana naye. Sote wawili tulidhani kuujua moto ni sawa na kutoungua.

Na kweli alijaribu. Kila bajeti ya kijiji ilipopangwa alishusha makisio ya ushuru wa kilabu, mwaka huu chini kuliko uliopita, kama mimi ninavyompunguzia mgonjwa dawa aiache taratibu. Alidhani akikisia kidogo, kijiji kitajifunza kukitegemea kidogo. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, tena alipokuwa darasani ndiye aliyepewa cheo cha Mhazini, alicheka kwa heshima. "Mwalimu, makisio hayapangwi kwa huruma." Lakini akamwachia.

Kosa lake lilikuwa hilo. Kwa kuwa makisio yalikuwa ya chini, kila robo mwaka pombe iliyapita. Mwenyekiti alisimama mbele ya mkutano akatangaza, "Ndugu zangu, kwenye ushuru wa kilabu tumevuka lengo." Nchi hii hatujui kusikia maneno hayo tukakaa kimya. Watu walishangilia, akina mama wakapiga vigelegele, na wanywaji waliokaa nyuma walipeana mikono kama timu iliyofunga bao. Mwalimu peke yake alikaa ameweka mikono mezani. Huruma yake ndiyo iliyowapa kitu cha kushangilia.

Maana banda lile halikuwa na mwenye nyumba. Muuzaji alitaka auze, kijiji kilitaka ushuru, mnywaji alitaka anywe. Nani angekata jani la mgomba? Watu walikunywa kwa vikombe, kila mtu chake, hakuna mtungi wa kuzunguka wala mzee wa kuonja kwanza. Siku ya soko walikuja wa vijiji vya jirani na watu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nyuma ya banda, pasipo ushuru, ikaanza kuuzwa gongo. Na kila tulipokaribia mwisho kilibaki kitu kimoja. Boma likasimama, tukasema tumalize bati ndipo tufunge. Bati likaisha, vikabaki vitanda. Vitanda vikaja, likabaki tangi la maji, na wodi bila maji si wodi, nilisema hivyo mwenyewe mkutanoni.

Wodi ilikuwa nzuri. Nisiseme uongo. Siku ya kwanza kumpokea mtoto mle, dirisha liko wazi na hakuna anayechungulia, nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Mwalimu alikuja kumwona yule mtoto. Alisimama mlangoni kama kanisani, nusu ndani nusu nje. "Wa kike?" aliuliza. Nikamwambia wa kike. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kuta za wodi ile zilijengwa na Yoramu. Alikuwa fundi hodari, mwepesi wa mikono na wa maneno, kijana wa kukufanya ucheke huku unamkaripia. Aliniita Dada Nesi. Kijiji kilimlipa kutoka kwenye ushuru wa kilabu, naye akaurudisha kilabuni jua halijazama. Siku moja nilimkuta juu ya jukwaa la kujengea, mwiko mkononi, anayumba.

"Yoramu, utaanguka."

"Siwezi kuanguka, dada. Mimi ndiye mlipa ushuru bora kijiji hiki. Wodi hii naijenga mara mbili, mara kwa mwiko, mara kwa koo."

Nilicheka. Angekuwa ndugu yenu mngecheka pia. Ilikuwa baadaye, 2014 inakwisha, alipokuja zahanati kuomba dawa ya tumbo, nikamshusha kope nikaona macho yamekuwa ya manjano na miguu imejaa. Nilimpa barua ya kwenda hospitali ya Kasulu. Alikwenda, akarudi na maneno yale yale niliyokwisha kumwambia: usinywe tena hata tone.

Jioni hiyo nilimweleza Mwalimu waziwazi, maana hakupenda kufichwa. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, akaacha mkono pale pale.

"Nikilifunga banda, atapona?"

"Sijui, Mwalimu. Lisipofungwa, najua."

Kwanza alijaribu kuomba, mtu kwa mtu. Alikwenda kwa Mama Riziki, mwanamke wa Kikongo kutoka kambini aliyeuza pombe kwenye banda siku za soko, ambaye Yoramu alipenda kukaa kwenye benchi lake kwa sababu ya nyimbo zake. Mimi nilikuwapo, nilikuwa nanunua dagaa. Mwalimu alivua kofia. Mzee yule, kumvulia kofia muuza pombe. Akamwomba asimwuzie mtoto wake.

Mama Riziki alifuta mikono kwenye kitenge. "Papa Mwalimu, mi nitamukatalia. Mutoto yako ni mutoto yangu. Lakini angalia hapa, tuko bauzaji wengi. Akitoka kwangu ataenda kwa mwingine, na mimi batoto yangu balale njaa. Ni wewe mukubwa ya hii nyumba. Funga wewe."

Alitimiza ahadi. Yoramu alipoketi kwake alikigeuza kikombe chini juu, akamwimbia wimbo mmoja, akamwambia aende nyumbani. Yoramu alimbusu mkono, akahamia benchi la pili.

Basi mwaka 2015 Mwalimu akaomba mkutano. Ulikuwa mwaka mbaya kuomba jambo kama hilo. Warundi walikuwa wanaingia kwa malori kwenda Nyarugusu, soko limefurika, banda limefurika, na mtendaji wa kata alikuwa ameshaamuru makisio yapandishwe yafanane na hali halisi. Tulikutana mbele ya zahanati. Mwalimu hakutoa hotuba. Alikwenda mpaka kwenye ukuta wa wodi, akatoa ile chaki mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona akiitumia. Akachora mapato huku, matumizi kule. Akaandika vyanzo vyote vya kijiji, kilabu kikiwa juu, kisha akakifuta kwa kiganja.

"Haya," alisema. "Pangeni bila hicho."

Wengi waliokuwa pale walikuwa wamewahi kuwa magavana wake. Waliitambua michoro ile na wengine walitabasamu, lakini tabasamu halikudumu. Walijaribu, siwezi kuwanyima hilo. Waliondoa posho za vikao. Wakaondoa ukarabati wa ofisi. Wakafika kwenye mshahara wa mlinzi wa zahanati, na mafuta ya pikipiki inayobeba wagonjwa, na lile tangi ambalo bado halijaja. Hapo mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni. Nilimjua, nilimzalisha mimi. "Mwalimu," alisema, sauti chini, "uchungu wa binti yako tunaujua, na wa kijana tunauona. Lakini mimi nilizaa mle. Kanga ile nisirudi nyuma yake." Hakumlaumu. Kama angemlaumu ingekuwa rahisi zaidi.

Yoramu alikuwa ameegemea kona ya ukuta alioujenga mwenyewe, tumbo limejaa chini ya shati, anatazama. Hakuna aliyemwuliza.

Mwenyekiti alikwenda ukutani polepole. Aliipokea chaki kutoka kwa Mwalimu kwa mikono miwili, kama mwanafunzi anavyopokea, akasema, "Utusamehe, Mwalimu." Akaandika kilabu mahali pake, kwa herufi ndogo. Chaki hakuirudisha. Nadhani hakujua amekaa nayo. Toka siku ile mfuko wa shati la Mwalimu ulibaki mtupu, na aliupapasa mara kwa mara akisahau.

Kuna watu wanasema kijiji kilimsaliti. Mimi sisemi hivyo. Nilikuwa pale, na mkono wangu sikuunyoosha kwa upande wowote, kwa sababu kila nilipomtazama Yoramu nilimwona pia yule mama.

Waliniletea Yoramu kabla mvua za vuli hazijakolea, mchana, kwenye baiskeli, watu wawili wamemshika. Alikuwa anatapika damu. Gari la kumpeleka Kasulu lilikuwa limeagizwa, lakini nilijua kwa kumshika tu. Kitanda kilichokuwapo kilikuwa cha wazazi, nikamlaza hicho. Mwalimu aliketi miguuni pake, ameishika ile miguu iliyovimba, anaikanda kama anayemkanda mtoto aliyechoka kutembea. Yoramu aliangalia juu kwa muda mrefu.

"Dada Nesi," alisema, "kona ile sikuiweka sawa."

Niliitazama. Ilikuwa imepinda kidogo, pale ukuta unapokutana na dari, jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeliona. Nikamwambia iko sawa. Baba yake akasema, "Imepinda, mwanangu, lakini inabeba." Yoramu akacheka kidogo. Gari lilipofika hatukumpakia.

Barua yangu ya uhamisho ilikuja mwisho wa mwaka, wiki ile ile ya kumwondolea Yoramu matanga. Nilikuwa nimefunga mizigo, nikaenda upande wa pili wa uwanja kuaga. Ndugu zake walikuwa wamepika pombe kama desturi inavyotaka. Mtungi mkubwa ulikuwa katikati ya uwanja, mirija imesimama ndani yake, na wanaume wameketi kuuzunguka wakiwa wametulia, Mwenyekiti miongoni mwao. Walikuwa wametoka makaburini, udongo uko miguuni. Walikuwa wanamsubiri mwenye nyumba afungue.

Mwalimu aliletewa mrija wa kwanza. Aliushika, akautazama, akamrudishia aliyemletea. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na jani la mgomba, bichi, linachuruzika maji. Akalilaza juu ya mtungi, akalinyoosha kingo kwa vidole vyake virefu.

Mzee mmoja, binamu yake, akasema taratibu, "Mwalimu, hatujaanza."

"Najua," alisema. "Kwangu imetosha."

Sikusikia aliyeguna. Jani ni jani. Walisimama mmoja mmoja, wakampa mkono, kila mtu akishika kiwiko chake kwa mkono wa kushoto kama inavyopasa, wakasema pole kwa Kiha na kwa Kiswahili. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, na alikaa ameinamisha kichwa juu ya mkono wa mzee kwa muda kabla ya kuuachia. Tukabaki mimi na Mwalimu na mtungi uliofunikwa. Nilimwona amejinyoosha, na mimi nikafurahi, nikawaza kwamba angalau mara moja amefunga kitu kikafungika.

Kutoka pale uwanjani njia inaonekana mpaka inapogawanyika, moja inakwenda majumbani, moja sokoni. Walifika kwenye njia panda wakasimama kidogo, wakisemezana. Hawakuwa na dharau. Mtu aliyekuja kumnywea marehemu hawezi kwenda kulala hajamnywea. Wakashika njia ya sokoni wote, na haikupita muda tukaanza kuusikia wimbo wa matanga ukitoka kwenye banda, ule wa kumwita marehemu kwa jina lake.

Mwalimu alisikiliza. Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukakuta hakuna kitu, ukashuka.

"Nesi," alisema, "mwezi huu tutavuka lengo."

Gari lililokuja kunichukua lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikaliacha lipige. Nikaingia ndani, nikamtengenezea chai bila sukari, na ya kwangu vivyo hivyo, na safari hiyo hakunisema kitu.